Daftari la Pellisson

Mahali popote dini mbili zinapokaa jirani, tuhuma hii haikosi: fulani hakuongoka, amenunuliwa. Akibadili dini asubuhi, kufika magharibi mtaa mzima umeshajua alichopewa, kama ni gunia la unga, ada ya mtoto au bati za kuezekea. Yeye hukana. Waliompokea hukana. Na anayetuhumu, ukimbana, hana ushahidi zaidi ya kwamba paa la jirani yake kweli linang'aa. Maneno hubaki barazani, yakapoa, yakaja kuchemka tena siku ya ugomvi.

Kisa cha Ufaransa ya mfalme Louis wa 14 ni cha aina nyingine, maana huko mnunuzi hakukana. Alikuwa na ofisi, alikuwa na fungu la fedha, alipanga bei ambayo haikuruhusiwa kupitwa, na alidai risiti.

Jina lake Paul Pellisson. Alizaliwa Béziers, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1624, katika ukoo wa wanasheria wa Kiprotestanti, wale waliojulikana kama Wahugenoti. Kalamu yake ilikuwa nyepesi. Aliandika historia ya Akademia ya Ufaransa, na wenyewe wakaifurahia hata wakampa kiti miongoni mwao. Mwaka 1657 akaingia kazini kwa Nicolas Fouquet, msimamizi wa hazina ya mfalme, tajiri aliyethubutu kujenga kasri lililoyapita makasri ya bwana wake. Septemba 1661 Fouquet alikamatwa, na karani wake akatiwa katika gereza la Bastille. Hapo ndipo Pellisson alipojipatia sifa ambayo hakuna aliyemnyang'anya: hakumuuza bosi wake. Akiwa gerezani aliandika utetezi wa Fouquet, maandishi ambayo hata maadui walikiri yamesukwa. Husimuliwa kwamba kwa upweke alifuga buibui akamzoeza kuja kula akiitwa, ingawa hadithi za Bastille zina chumvi nyingi.

Alitoka mwaka 1666. Mfalme, aliyemfunga kwa uaminifu wake kwa mtu mwingine, akautaka uaminifu huo uwe wake. Mwaka 1670 Pellisson akakana Uprotestanti, na milango ikafunguka: akawa mwandishi wa historia ya mfalme, akapewa mapato ya nyumba za watawa, akakabidhiwa usimamizi wa mali za kanisa. Wahugenoti walisema wanavyosema watu siku zote, kwamba ameuza. Mimi naona hapo walimwonea. Mtu aliyekaa zaidi ya miaka minne kwenye chumba cha gereza bila kumsaliti Fouquet hakuwa wa kuuza kitu kwa haraka, na vitabu vyake vya sala na vya hoja za dini haviandikiki na mnafiki mvivu. Lakini alibadili dini katika nyumba ambamo kubadili dini kulikuwa na malipo, na hilo lilimfuata hadi kaburini.

Ufaransa ya wakati huo ilikuwa na watu wapatao milioni 20, na Wahugenoti kati yao hawakufika milioni moja. Waliishi kwa kinga ya Amri ya Nantes, iliyotolewa mwaka 1598 na Henri wa 4, babu yake Louis, baada ya miaka zaidi ya 30 ya kuchinjana. Henri mwenyewe alilelewa upande wa Waprotestanti. Mwaka 1593 alihamia Ukatoliki, na mwaka uliofuata Paris, iliyomfungia milango kwa miaka, ikamfungulia. Kama ni kuongoka kwa malipo, hakuna aliyewahi kulipwa kama yeye: alipewa Ufaransa. Wachache walimwita msaliti kwa sauti kubwa, kwa kuwa waliolipwa ufalme huwa hawaitwi hivyo.

Mjukuu wake hakutaka vita tena. Katika kumbukumbu alizomwandikia mwanawe, Louis alieleza mpango wake kwa Wahugenoti: asiwabane kwa ukali mpya, asiwape chochote zaidi ya walichoandikiwa, asiwafadhili kwa vyeo, na wale watakaokuwa wasikivu awavute kwa zawadi. Zawadi, basi, zilikuwa siasa ya serikali tangu mwanzo. Makasisi wa Kikatoliki nao kwa muda mrefu walikuwa wakitenga pensheni kwa wachungaji wa Kiprotestanti watakaovuka, kwa hoja ya kawaida kabisa kwamba mchungaji akiacha kanisa lake anaacha pia mshahara, na ana watoto.

Kwa wakubwa, biashara hii ilifanyika kwa adabu. Marshali Turenne, jemadari mkuu wa Ufaransa, aliongoka mwaka 1668, na hakuna aliyethubutu kuuliza bei. Machi 1678, Bossuet, mhubiri mashuhuri kuliko wote wa Kikatoliki, alikaa sebuleni kujibizana na mchungaji Jean Claude mbele ya binti mmoja wa kabaila, mpwa wa Turenne, aliyetaka kusikia pande zote mbili kabla ya kuamua. Walijadili kwa saa kadhaa mamlaka ya kanisa na dhamiri ya muumini. Binti akavuka baada ya wiki chache, na kila mjadili akachapisha kitabu kuonyesha kwamba ni yeye aliyeshinda. Na watoto wa kabaila walikuwa na bei zao. Madame de Maintenon, aliyekuja kuwa mke wa siri wa mfalme, alimchukua binti mdogo wa jamaa yake Mhugenoti wakati baba yuko safarini baharini. Mtoto alilia, kisha kesho yake akaiona misa ya mfalme. Alipokuwa mkubwa, akijulikana kama Madame de Caylus, alisimulia mwenyewe kwamba ilimpendeza mno, akakubali kuwa Mkatoliki kwa masharti mawili: aisikilize misa hiyo kila siku, na asichapwe tena. Katika mikataba yote ya aina hii niliyoisoma, huu ndio wa haki kuliko yote.

Kwa wanyonge hapakuwa na sebule wala Bossuet. Palikuwa na Pellisson.

Mwaka 1676 alikabidhiwa mfuko ambao vitabu vya historia huuita Mfuko wa Uongofu. Chanzo cha fedha zake kinachekesha kidogo. Mfalme wa Ufaransa alidai haki ya kula mapato ya majimbo ya kanisa yasiyo na askofu, mpaka askofu mpya aapishwe. Mwaka 1673 Louis aliitanua haki hiyo ifike ufalme mzima, na maaskofu wawili wa kusini, wa Alet na wa Pamiers, wakakataa katakata. Papa Innocent wa 11 aliwaunga mkono, akaona mfalme anajitwalia mali ya kanisa. Ni katika mapato ya namna hiyo, pamoja na yale ya abasia kubwa alizozisimamia Pellisson, ndimo lilimokatwa fungu la kuwanunulia kanisa hilo hilo waumini.

Utaratibu ulikuwa wa kihasibu. Askofu au padri wa mahali alimpata Mhugenoti aliye tayari, akamwandikisha hati ya kukana imani yake, akamlipa, na aliyelipwa akatia saini au alama ya msalaba chini ya risiti. Orodha za majina, hati na risiti zikafungwa pamoja zikapelekwa kwa Pellisson, naye akarudisha fedha na kumpelekea mfalme hesabu. Maaskofu waliruhusiwa kufika hadi livre 100 kwa mtu mmoja, lakini Pellisson aliwaandikia akiwaonya kwamba ruhusa si amri: wabane matumizi, maana mtu akipewa nyingi habari zitaenea na wengine wote watadai kiasi hicho. Huko kusini, wastani ulikuwa kama livre 6.

Tuipime fedha hiyo. Kibarua wa shambani siku zile alipata sou 8 hadi 12 kwa siku, na sou 20 ni livre moja. Livre 6, kwa hiyo, ni ujira wa siku 10 hadi 15. Hununui ng'ombe. Unalipa deni la unga, unapata viatu, unapitisha majira ya baridi hadi vibarua virudi. Mfanyabiashara wa hariri wa Nîmes hakuweza kuvutwa kwa livre 6, wala fundi saa, wala mwenye meli wa La Rochelle. Waliokuja walikuwa wajane, wenye madeni, wazururaji, watumishi waliofukuzwa kazi. Daftari lilijazwa kuanzia chini, na pale chini watu wana hesabu zao. Wako waliokana parokia moja wakaenda kukana nyingine. Wako waliochukua fedha Jumamosi na Jumapili wakarudi kuimba zaburi na wenzao. Wako Wakatoliki tangu kuzaliwa waliojifanya Wahugenoti kwa muda wa kutosha kulipwa. Sidhani walijiona wanatenda dhambi kubwa. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba saini ni bidhaa, nao walikuwa na saini.

Kasrini walicheka. Walisema ufasaha wa Pellisson una dhahabu ndani yake, haufikii wa Bossuet kwa elimu lakini unaushinda kwa kushawishi. Yote haya hatuyapati kwa Wahugenoti peke yao, ambao wangeweza kutiliwa shaka. Mwaka 1788, wakati utawala wa kifalme wenyewe ulipokuwa ukirekebisha sheria zake juu ya Waprotestanti, mwandishi Rulhière alifunguliwa makaratasi ya serikali na kuchapisha maelezo ya jinsi mambo yalivyokwenda. Tuhuma iliyopigwa chini kwa miaka 100 kuwa ni matusi ya wakimbizi wa Kihugenoti ikakutwa imehifadhiwa vizuri kwenye mafaili ya mfalme.

Kama kisa kingeishia hapo, kingekuwa cha kuchekesha tu: serikali imepoteza fedha, maskini wamepata viatu. Lakini saini ile ilikuwa na mkia. Machi 1679 lilitoka tangazo dhidi ya walioritadi, yaani waliokuwa wamekana Uprotestanti kisha wakaurudia. Adhabu zake: kuomba radhi hadharani, kufukuzwa nchini milele, na mali yote kutaifishwa. Sheria ya namna hiyo ilikuwapo awali, ila sasa iliongezewa makali wakati ambapo mafaili ya Pellisson yalikuwa yamejaa majina. Mjane aliyetia alama ya msalaba kwa ajili ya livre 6, akidhani amemaliza biashara na padri, alikuwa ameandikishwa Mkatoliki kisheria, na kurudi kanisani kwake Jumapili iliyofuata likawa kosa la jinai.

Na si yeye peke yake aliyenaswa. Mchungaji aliyempokea mtu aliyeritadi alifukuzwa nchini, na nyumba ya ibada alimoonekana mtu huyo ilifungwa au kubomolewa. Montpellier, mojawapo ya ngome kubwa za Wahugenoti, nyumba yao ya ibada ilibomolewa mwaka 1682 kwa kesi ya binti mmoja aliyedaiwa kwamba alikuwa amekana, kisha akakutwa ibadani. Karatasi moja ikaangusha jengo zima. Huwa napingana na wanaosema kosa la Pellisson ni kuwadanganya maskini kwa fedha. Maskini hakudanganywa kuhusu fedha, alipewa alichoahidiwa. Alichofichwa ni thamani ya ile risiti.

Aliyedanganyika ni mwingine. Mwaka hadi mwaka kasri la mfalme liliona orodha zinarefuka, na orodha haisemi kama mtu amerudi zaburini, haisemi kama ameandikwa mara mbili. Ilisema tu kwamba Wahugenoti wanapungua. Mfalme na mawaziri wake wakaanza kuamini kwamba dini hiyo ni mazoea matupu, gamba lisilo na kiini, na kwamba kama livre 6 zinaling'oa, msukumo mkubwa kidogo utalimaliza. Kwa hiyo zikaja sheria mfululizo. Mwaka 1680 Mkatoliki akakatazwa kuingia Uprotestanti. Walioongoka wakapewa miaka mitatu ya kutodaiwa madeni yao. Juni 1681 mtoto wa miaka 7 akaruhusiwa kuchagua Ukatoliki bila ya wazazi, na wazazi wakatakiwa kumgharimia huko aliko.

Mwaka huo huo, 1681, waziri wa vita Louvois na Marillac, mtawala aliyewekwa na mfalme huko Poitou, walipata njia ya bei nafuu kuliko zote. Desturi ilikuwa wanajeshi wakipita mahali hulala na kula katika nyumba za raia. Amri mpya ikasema aliyeongoka asilaze askari kwa miaka miwili. Marillac akawapeleka dragoni, askari wapanda farasi, katika nyumba za Wahugenoti, na jirani akikana, askari wake huhamia kwa yule aliyebaki. Hapakuwa na haja ya kumlipa mtu. Palikuwa na haja ya kumwachia alichonacho. Jean Migault, mwalimu wa shule katika kijiji cha Mougon, aliandika yaliyowapata ili watoto wake wayasome. Askari walianza wachache wakaongezeka, wakataka vyakula ambavyo kijiji hakina, wakavunja vyombo. Mkewe alikuwa ametoka kujifungua. Walimweka karibu na moto mkubwa waliouchochea, wakingoja akane, mpaka akazimia. Hakukana. Lakini huko Poitou zaidi ya watu 30,000 walikana katika miezi michache, idadi ambayo fedha za Pellisson hazikuikaribia. Kelele zilifika Uingereza na Uholanzi, Louis akaona aibu, Marillac akaondolewa mwanzoni mwa 1682. Hesabu zake hazikusahaulika.

Mwaka 1685 njia ile ikarudishwa, safari hii bila aibu. Ilianzia Béarn, chini ya mtawala Foucault, ambako Wahugenoti zaidi ya 20,000 waliisha kwenye makaratasi ndani ya miezi michache. Mwanzoni mwa Septemba Louvois alimwandikia baba yake kwa furaha kwamba katika mkoa wa Bordeaux wameongoka watu 60,000 na katika ule wa Montauban 20,000, ndani ya majuma kama matatu. Miji ilikana kwa mkutano mmoja, watu wakipiga foleni kutia saini kabla dragoni hawajafika langoni. Waliotia saini walipewa cheti cha kuwaonyesha askari. Ile hati ya kukana ambayo miaka tisa nyuma padri aliilipia, sasa mwenye nayo aliishika kama ngao.

Oktoba 1685, kule Fontainebleau, Louis alitia saini amri ya kufuta Amri ya Nantes. Dibaji yake inasema bila kupepesa macho kwamba sehemu iliyo bora na kubwa zaidi ya Wahugenoti imeshaingia Ukatoliki, na kwa hiyo amri ya babu yake haina kazi tena. Nyuma ya sentensi hiyo zimepangwa zile orodha zote, za fedha na za dragoni, zimejumlishwa pamoja. Amri ikaagiza nyumba za ibada zibomolewe na wachungaji waondoke katika siku 15. Waumini wa kawaida wakakatazwa kuondoka: mwanamume akikamatwa mpakani anapelekwa kupiga makasia kwenye merikebu za mfalme, mwanamke anafungwa, na mali ya wote inachukuliwa. Na pesa haikusahaulika hata hapo. Kifungu kimoja kinamwahidi mchungaji atakayeongoka pensheni inayozidi kwa theluthi mshahara aliokuwa akipata kwa waumini wake, na akifa mjane wake apate nusu. Dragoni kwa waumini, nyongeza ya mshahara kwa kiongozi wao. Wachungaji walio wengi walifunga mizigo.

Wahugenoti wapatao 200,000 hatimaye walitoroka, kwa mapipa ya mvinyo, kwa mashua za usiku, kwa njia za milima. Mtawala wa Brandenburg, huko Ujerumani, aliwakaribisha kwa amri yake ya Potsdam majuma machache tu baadaye. Baadhi walipandishwa meli za Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, wakateremka Rasi ya Tumaini Jema, wengi wao mwaka 1688, na ndiyo sababu Afrika Kusini ina akina du Toit, Joubert na de Villiers. Mwaka 1689 Vauban, mjenzi wa ngome za Louis na mtu asiyeweza kushukiwa Uprotestanti, aliandika waraka akitaka warudishwe. Alikadiria waliokwenda kuwa 80,000 hadi 100,000, wamebeba livre milioni 30, na wameacha pengo la mabaharia 9,000, askari 12,000 na maofisa 600 waliojiunga na maadui. Vauban naye alijua kuhesabu, ila hesabu yake haikusomwa kwa furaha.

Waliobaki waliitwa Wakatoliki Wapya. Walikwenda misani wakihesabiwa, na nyumbani walisali kama zamani. Serikali, ambayo sasa ilikuwa na waumini laki kadhaa ambao haikuwaamini, ikahamia vitandani mwao. Tangazo la Aprili 1686 liliagiza hivi: Mkatoliki Mpya akiugua na kukataa sakramenti, akipona atapelekwa makasiani, akifa, maiti yake ifunguliwe mashtaka, iburutwe barabarani na kutupwa jalalani, na warithi wakose mali. Iliburutwa mizoga ya watu kwa sheria hiyo, mpaka watawala wenyewe wakaona inaleta chuki kuliko hofu.

Pellisson alikuwa bado hai, akiandika vitabu vya kuwavuta Waprotestanti kwa hoja na kuandikiana na mwanafalsafa Leibniz juu ya kuyaunganisha makanisa. Alifariki Versailles tarehe 7 Februari 1693, hakuungama wala kupokea sakramenti za mwisho. Uvumi ukashika moto siku hiyo hiyo. Wahugenoti wakasema saa ya kweli imefika na mzee amerudi kwa baba zake. Eti amekula mapato ya abasia miaka 20 na moyo haukuhama. Kasrini wengine walinong'ona hayo hayo. Ilibidi Bossuet mwenyewe ashike kalamu kumtetea: ugonjwa ulimwendea mbio, alikuwa amekusudia kuungama, kifo kikamtangulia. Nami hilo ndilo naliona karibu na kweli. Lakini Bossuet alilazimika kuthibitisha kwa barua kile ambacho hakuna risiti ingeweza kukionyesha.

Tangazo la 1686 halikusomwa juu ya maiti yake. Kiti chake katika Akademia kilikwenda kwa Fénelon, padri ambaye kwa miaka kumi alikuwa ameongoza nyumba ya kuwafundisha Ukatoliki mabinti wa Kihugenoti jijini Paris, na ambaye baada ya amri ya Fontainebleau alipelekwa magharibi kuwahubiria Wakatoliki Wapya. Desturi ya Akademia inamtaka mgeni amsifu aliyemwachia kiti. Tarehe 31 Machi 1693 Fénelon alisimama akamsifu Pellisson kwa kirefu.